Video Ambayo Hakuna Aliyeifungua

Vuta kiti ukae vizuri, wewe unayesoma, maana nitakueleza jambo la kazi yangu na nataka ulielewe kabla hatujafika mahali panapouma. Usiogope kompyuta. Nimefundisha watu wa kila aina hapa Homa Bay, wauza samaki, makarani, hata pasta mmoja mstaafu, na sijaona aliyeshindwa kabisa. Nakuomba usikivu tu. Mwezi uliopita tulimzika mtu aliyenipa kazi yangu ya kwanza, mwenye studio ya video pale Migori, ambaye sote tulimwita Director, hata mkewe. Nilikaa nyuma ya hema na Ouma, mpiga picha wake wa zamani, tukisikiliza watu wakimsifu: alikuwa mkarimu, aliajiri vijana, alileta teknolojia mjini. Yote ni kweli. Ouma akanisogelea sikioni. "Nyar Uriri, umesikia mtu akitaja Takawiri?" Nikamwambia sijasikia. "Na hutasikia," akasema, akarudi kutazama vijana waliokuwa wakirekodi kwa simu zao. Nyar Uriri, binti wa Uriri, ndilo jina alilonipa Director mwenyewe siku ya kwanza ya kazi, na mpaka leo kuna watu Migori wasiojua kwamba nina jina lingine. Nilikaa pale nikiwa na hasira ambayo nilidhani imekwisha miaka mingi iliyopita, na nikaona aibu kidogo kuwa na hasira mbele ya jeneza. Lakini haikuondoka. Kwa hiyo nimeamua kuusimulia mwaka ule, wa mwisho wangu kwake.

Studio ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, kwa hiyo vyumba vyetu vilinuka dawa ya kupe na mbegu za mahindi mwaka mzima. Chumba cha mbele kilikuwa cha wateja: kochi la ngozi bandia lililochanika upande mmoja, kalenda ya mwaka uliopita, na skrini kubwa iliyoonyesha harusi ileile kuanzia asubuhi mpaka jioni, bibi harusi akikata keki, akilishwa keki, akikata keki tena. Chumba cha nyuma kilikuwa changu. Kulikuwa na meza, kompyuta, feni isiyozunguka, na rafu ya mbao kutoka sakafuni hadi darini. Kwenye rafu kulipangwa diski ndani ya maboksi ya viatu vya watoto wachanga, kwa sababu Director alikuwa amegundua kwamba maboksi hayo yanazitosha sawasawa. Kila boksi lilikuwa na utepe mweupe wenye jina la mtu, na karibu wote walikuwa wamekufa. Harusi tulifanya, mahafali tulifanya, lakini kwetu kinachorekodiwa kwa uangalifu kuliko vyote ni mazishi: mwili ukitoka mochari, msafara, hotuba moja baada ya nyingine, kwaya, udongo. Saa za chakula Mama Caro, mwenye kibanda chini ya ngazi, alituletea ugali na omena, dagaa wa ziwani, kwa nyanya, pamoja na mboga ya osuga iliyopikwa kwa maziwa mpaka uchungu ukaisha, nasi tulikula palepale kati ya maboksi. "Nyar Uriri, sogeza huyo mzee kidogo nipate mahali pa sahani," Ouma alikuwa akisema, nami nilisogeza boksi. Mama Caro alikataa kuvuka kizingiti. "Nyinyi mnakula na watu wa mochari halafu mnanisalimia kwa mkono! Mimi nawapea sahani kutoka hapa." Ouma akamjibu, "Hawa hawaombi nyama, Mama Caro. Ni wageni wazuri kukushinda wewe."

Director alikuwa mnene, mcheshi, na viatu vyake vilikuwa vinang'aa hata katikati ya matope ya Aprili. Alikuwa Msabato. Siku ya Jumamosi alikwenda kanisani na kumwachia Ouma mazishi yote, kisha Jumapili akataka kujua kwa nini kamera ilitikisika. Nilimpenda, nisikufiche. Alininunulia miwani ya kwanza niliyowahi kuvaa baada ya kuniona nimebandika uso kwenye kioo cha kompyuta. Mapema mwaka ule diski moja ilianza kutoa sauti ya kugonga, kama mtu anayebisha mlango kwa kucha, na baada ya siku chache ikanyamaza moja kwa moja. Ndani yake mlikuwa na mazishi ya watu kadhaa. Familia moja kutoka upande wa Rongo ilikuja kwa kelele ikaondoka kwa machozi, na Director akakaa kwenye kochi la wateja muda mrefu huku bibi harusi akikata keki nyuma ya kichwa chake. Halafu akaniita. "Nyar Uriri, wewe ndiye umesoma haya mambo. Pandisha zote klaudi. Zote. Sitaki kuitwa mchawi mara ya pili."

Hapa ndipo naomba usikivu ule. Watu husikia neno klaudi, yaani wingu, wakadhani vitu vinaelea mahali fulani angani. Ni kompyuta tu, za mtu mwingine, katika jumba kubwa lenye ubaridi katika nchi nyingine, na wewe unapanga nafasi humo kama unavyopanga chumba. Na nafasi hizo hazifanani. Mfikirie mama anayeuza samaki sokoni. Ngege wa leo yuko mezani, mbele ya macho, mteja akinyoosha kidole anapewa. Hilo ndilo daraja la moto: kuweka ni ghali, kuchukua ni rahisi. Wale ambao hawatanunuliwa leo wako kwenye friza ya jirani. Kuwaweka huko ni nafuu, ila ukimtaka mmoja unatembea, na jirani ananung'unika kila unapofungua mlango. Hilo ni daraja la baridi. Halafu kuna obambla, ngege aliyepasuliwa, akatiwa chumvi, akaanikwa juani mpaka akakauka kama ubao, akafungwa guniani huko stoo. Kumweka hakukugharimu karibu chochote, lakini huwezi kumla papo hapo. Lazima umloweke na umsubiri. Daraja hilo sisi tuliliita barafu. Ukiomba faili kutoka huko unaweza kungoja mpaka kesho yake. Hakuna daraja zuri na daraja baya. Unajiuliza tu: kitu hiki kitahitajika lini, na mwenye kukihitaji anaweza kungoja kiasi gani? Na kwa kuwa hakuna mtu mwenye muda wa kuhamisha faili moja moja, unaiandikia mashine kanuni. Kitu kikikaa muda fulani bila kufunguliwa, kishushe. Kikikaa zaidi, kishushe tena. Ukishaandika, unaondoka, na mashine inafanya kazi hiyo kila siku bila kukuuliza. Umeelewa? Basi umeshajua karibu yote niliyoyajua mimi wakati ule.

Kupandisha kulianza kabla ya mvua za masika na kukaendelea mpaka zilipoisha, kwa sababu mtandao wetu ulikuwa wa kubembeleza na umeme ulikuwa na tabia zake. Kabla ya kupandisha chochote nilikifungua kwanza kwenye diski, kuhakikisha ni kizima. Ndivyo nilivyomjua Mwalimu Milly wa Takawiri. Utepe uliandikwa hivyo tu, jina na kisiwa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akafariki mtoto wake hajaanza hata kutambaa, na Ouma ndiye aliyekwenda kisiwani kurekodi mazishi, kabla mimi sijaajiriwa. Ili kutengeneza filamu fupi ya maisha yake, familia ilikuwa imempa simu ya marehemu, naye akanakili kila kitu kilichokuwamo. Simu yenyewe baadaye ilizama ziwani mfukoni mwa kaka yake. Kwa hiyo vilivyobaki vya Milly vilikuwa ndani ya boksi moja la viatu, na miongoni mwavyo kulikuwa na kipande kifupi ambacho hakikutumiwa siku ya mazishi. Anamwogesha mtoto kwenye beseni la bluu. Simu ameiegemeza mahali, imeinama, kwa hiyo uso wake unaonekana nusu tu. Mtoto anamkazia macho. "Unaniangalia hivyo kama inspekta wa shule," Milly anasema. "Haya, inspekta, nimekosea wapi? Maji ni baridi? Sabuni imeingia jicho? Andika ripoti yako." Kisha anacheka, kicheko cha puani, na mtoto anapiga maji kwa viganja vyote viwili. Ndicho kipande pekee ambamo alikuwa akiongea. Nilikicheza mara mbili, nikakipandisha, nikaendelea na boksi lililofuata.

Mama yake Milly tulimwita Mama Peres. Alikuwa anauza omena, na kila alipoleta mzigo soko la Migori alipanda ngazi zetu, akiwa amejifunga leso kiunoni na harufu ya ziwa ikimtangulia. Hakukaa. Alisimama mlangoni, akapumua, akaniuliza neno lilelile. "Nyathina, iko?" Yaani, mwanangu, ipo? Nami nikamjibu, "Iko, Mama." "Hata ile ya beseni?" Ouma alikuwa amemwambia habari zake. "Hata ile ya beseni. Nikufungulie uone?" Siku ya kwanza nilipomwambia hivyo aliinua mkono haraka, kana kwamba nilitaka kummwagia maji. "Hapana, wacha. Sijafika hapo." Akanieleza taratibu, kama mimi ninavyokueleza wewe, kwamba ataiona siku ya rapar. Rapar ni karamu ya kumkumbuka marehemu, na haifanywi haraka. Familia hungoja miaka, mpaka nguvu zirudi na machozi yapungue, ndipo watu wanakutana, wanachinja, na kumzungumzia aliyekwenda bila kuomboleza. "Hawi atakuwa amekua kidogo," alisema. Hawi ndiye yule mtoto wa beseni. "Sura ya mama yake anaijua, iko ukutani. Sauti hajui. Nimemwambia siku hiyo mama yako ataongea, utamsikia. Nikimwonyesha sasa ataitaka kila siku, na mimi nitalia kila siku. Wacha ikae." Ikae, nikasema. Nikampa maji, akanywa akiwa amesimama, akashuka.

Nilipokaribia kumaliza kupandisha, Director alimpigia simu mshauri mmoja wa Nairobi, kijana mwenye sauti ya haraka, ili atuelekeze katika kuandika kanuni. Tulimsikiliza simu ikiwa mezani katikati ya sahani za Mama Caro. Alisema utaratibu wa kawaida ni huu: kisichofunguliwa kishushwe baridi, kisha barafu, kisha kifutwe. Akasema kwamba bili ya vitu visivyohitajika ndiyo inayoua biashara ndogo. Simu ilipokatwa nilimwambia Director kwamba hapo mwishoni hapatufai. "Watu wetu hawafungui, Director. Si kwamba hawataki. Wanangoja."

"Wanangoja nini? Marehemu afufuke?"

"Wanangoja rapar. Mwingine miaka mitatu, mwingine minane."

"Sikiza, Nyar Uriri. Mimi niko kwa hii biashara tangu wakati wa kanda. Mtu akitaka kitu, anakifungua. Simu yako unaifungua mara ngapi kwa siku? Ni kwa sababu unaitaka."

Ouma alikuwa anachokoa meno dirishani. "Director," akasema bila kugeuka, "na ile ya kumzika mzee wako, wewe umeifungua lini?"

Director akatazama viatu vyake. "Hiyo ni tofauti," akasema. Lakini siku ile tulishinda, au nilidhani tumeshinda. Niliandika kanuni yenye mistari miwili. Kisichofunguliwa kwa mwezi kiende baridi. Kisichofunguliwa kwa miezi mitatu kiende barafu, kikae huko. Director akaisoma, akasema sawa, akaninunulia soda.

Katikati ya mwaka niliugua malaria nikalala nyumbani Uriri mpaka nikakonda. Niliporudi Director alinipokea vizuri. Aliniagizia chai ya maziwa, akaniuliza kama nakula, akaniambia nisikimbilie kazi. Hakuniambia kwamba nikiwa kitandani alikuwa amempigia tena yule kijana wa Nairobi, wakaingia kwenye akaunti yetu, wakaongeza mstari wa tatu: kisichofunguliwa kwa miezi sita kifutwe. Mashine ilimwuliza kama ana uhakika, maana huwa inauliza mara moja, naye akabonyeza ndiyo. Wala hakuniambia kwamba alikuwa amemwagiza Ouma afute diski zote za rafuni ili zitumiwe kurekodi ziara za mheshimiwa mmoja aliyekuwa ametupa kazi kubwa. Niliona maboksi yamepungua, nikaambiwa, "Si kila kitu kiko juu? Hizo zinakaa bure." Na kweli kila kitu kilikuwa juu, kwa siku zile. Nataka uelewe jinsi jambo hili linavyotokea, kwa sababu watu hutazamia kelele. Diski ile iliyokufa mapema mwaka angalau iligonga. Kanuni haigongi. Asubuhi moja inahesabu, inakuta muda umetimia, inafuta, na wewe uko mezani unakula omena. Hapakuwa na nakala nyingine wala kapu la kuokotea vilivyofutwa. Tena mashine haikuhesabu kutoka siku mtu alipozikwa. Ilihesabu kutoka siku faili ilipoingia kwake, na siku nilipoicheza ile ya beseni mara mbili haikuingia hesabuni, kwa sababu niliicheza kwenye diski, kabla haijapanda. Huko juu, video ya beseni haikuwa imefunguliwa na mtu yeyote tangu ifike.

Mwezi wa Novemba Mama Peres alipanda ngazi na kwa mara ya kwanza akakaa kwenye kochi. Alikuwa amebeba obambla wawili kwenye gazeti, zawadi yangu. "Nyathina, tumepanga. Desemba, watoto wakifunga shule. Ng'ombe amepatikana. Sasa ifungue." Nilifurahi, nakuambia ukweli, nilifurahi kama ni kwetu. Nikamweleza kwamba iko kwenye barafu, naiomba leo, kesho nitakuwa nayo. "Kesho si mbali," akasema, na akaenda kulala kwa ndugu yake mtaani. Nikaketi, nikaandika jina. Mashine ikajibu kwamba hakuna kitu chenye jina hilo. Nikadhani nimekosea herufi. Nikaandika jina la boksi la jirani yake, kisha la mwingine. Nikafungua orodha nzima, na orodha ilikuwa fupi kiasi kwamba iliishia kwenye kioo kimoja bila kuteremsha. Ndipo nikaenda kwenye kanuni, nikasoma mstari wa kwanza wangu, wa pili wangu, na wa tatu.

Director hakukana. Hilo namkubalia. "Ilikuwa haijafunguliwa," alisema.

"Kwa sababu ilikuwa inangojewa!"

"Na mashine itajua aje kwamba inangojewa?"

"Mashine haikujua. Wewe ulijua. Nilikuambia mbele ya Ouma."

Akafuta jasho. Alionekana ameumia, na sidhani alikuwa anaigiza. "Basi tumwambie ni mtandao. Watu wanaelewa mambo ya mtandao. Tumwambie hata Nairobi wamejaribu wakashindwa." Ouma, ambaye alikuwa amefuta diski zile kwa mikono yake kwa kuamini kwamba kila kitu kiko salama, alisimama akaenda kukaa kwenye ngazi. Nilimwambia Director kwamba Mama Peres atapata maneno kutoka kwangu, na atapata yale ya kweli.

Nilimwambia asubuhi iliyofuata, palepale kwenye kochi. Hakupiga kelele kama wale watu wa Rongo. Alifungua leso akaifunga tena. "Nani alisema tumeisahau?" akauliza. Nikamwambia ni mashine, iliambiwa kwamba kisichofunguliwa hakitakiwi. Akafikiri. Nyuma yake bibi harusi alikuwa analishwa keki. "Lakini mimi nilikuwa naiuliza," akasema. "Kila nikija soko nilikuwa napanda hapa nauliza. Si uliniona?" Nilimwona. Nilimwona kila mara, na nilimjibu kila mara, na hakuna mahali popote katika mtambo ule pa kuandika kwamba mama mmoja amepanda ngazi na kuuliza. Kupanda kwake hakukuhesabiwa. Nimefanya kazi hii miaka mingi tangu hapo, nimesoma, nimepata vyeti, na bado sijasikia jambo linalonikera kama hilo. Ukiacha kazi mpya za miezi ile, unajua ni nini kilichobaki kwenye orodha ile fupi? Video ya mazishi ya mheshimiwa mmoja wa zamani, ambayo watu walikuwa wanaifungua kila wiki ili kuona ugomvi wa viti na kujitafuta wenyewe kwenye umati. Na ile harusi ya keki, ambayo Director mwenyewe aliifungua kila asubuhi alipowasha skrini. Hizo hazikushuka hata daraja moja. Waliopendwa kwa kelele walibaki mezani. Waliopendwa kimya walitupwa.

Rapar ilifanyika hata hivyo. Huwezi kuwarudisha watu walioalikwa. Director hakuja. Alituma mchele, sukari na salamu nyingi. Mimi na Ouma tulivuka hadi Takawiri na skrini, jenereta na picha ambazo ndugu walikuwa wamezikusanya kutoka simu mbalimbali, picha zisizosema kitu, tukazipanga na kuweka kwaya chini yake. Chakula kilikuwa kingi: nyama, mchele, samaki mbuta wa kukaanga vipande vikubwa kama matofali. Wanawake waliokuwa wakipakua walizungumza juu ya Milly kama mtu aliyetoka tu kwenda dukani. "Huyo alikuwa akila samaki anaacha mfupa safi hadi paka analia." "Na chaki kwa nywele!" "Chaki hadi kanisani!" Wakacheka mpaka mmoja akaweka mwiko chini. Hawi alikuwa amekaa mbele kabisa, kwenye kiti cha plastiki, gauni jipya la njano, miguu haifiki chini. Picha zikaanza. Milly na wanafunzi. Milly na shangazi. Milly kwenye boti akiwa amefumba macho kwa jua. Kwaya ikaimba mpaka ikamaliza, picha zikarudi mwanzo, na katika ule ukimya mfupi mtoto akamgeukia bibi yake akauliza kwa sauti kubwa, kama watoto wanavyouliza, "Dani, ataongea saa ngapi?"

Watu walitazama mchanga. Mama Peres alinitafuta kwa macho mpaka akanipata kando ya jenereta, akaniita kwa kidole. "Wewe uliisikia," akasema. "Mwambie." Nikapiga magoti mbele ya kile kiti nikamwambia yote. Nikamwambia juu ya beseni la bluu, na jinsi alivyomkazia mama yake macho, na maneno yale ya inspekta, neno kwa neno, kwa Kijaluo pale aliposema Kijaluo na kwa Kiswahili pale aliposema Kiswahili. Hawi alinisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza akasema, "Hiyo ni sauti yako."

"Ndiyo. Ni yangu."

"Yake ilikuwa aje?"

Nikasema ilikuwa nene kidogo kuliko yangu, na kwamba alikuwa anacheka kwa pua. Nikajaribu kukicheka kile kicheko. Hakikutoka, kilitoka kitu kingine, na niliona usoni mwake kwamba amejua. Kwa adabu alijigeuza kwenye kiti chake, akaitazama skrini, akaendelea kungoja.

Niliacha kazi mwaka ulipoisha. Director aliniandikia barua nzuri ya kunisifu, na ndiyo iliyonipatia nafasi ya kufundisha hapa Homa Bay, kwa hiyo hata mkate wangu umepitia mikononi mwake. Hilo nalo ni chungu. Studio iliendelea miaka mingi. Sijui kama aliwahi kuufuta ule mstari. Hawi sasa ni msichana wa sekondari, mrefu. Tukikutana hapa mjini ananisalimia kwa heshima, ananiita shangazi, na hajawahi kuniuliza tena. Wanafunzi wangu hufika wakitaka kuanza na bei: daraja gani ni nafuu, kanuni gani inapunguza bili. Ni maswali mazuri, na nayajibu yote, lakini siku ya kwanza siyajibu. Siku ya kwanza nawaambia kwamba mashine inaweza kujua kitu kimeguswa lini. Haiwezi kujua kinangojewa na nani, na hakuna daraja, la moto wala la barafu, litakaloijulisha. Ni kazi yetu kuuliza. Si kazi ngumu. Inataka simu moja na subira kidogo, na wewe unaiweza kama mimi.

Kwa hiyo fanya hivi, leo, kabla hujalala. Fungua mahali unapohifadhi vitu vya watu, nenda kwenye kanuni, usome mpaka mstari wa mwisho. Ukikuta mstari unaofuta, uzime. Kisha mpigie simu mwenye kitu, umwulize atakitaka lini, uandike jibu lake kando ya jina la faili, na mstari ule usiuwashe tena mpaka yeye mwenyewe akuambie kwamba amemaliza.